Ntinyari na Aya Iliyotolewa

Jina langu ni Muthomi, kitinda mimba wa mzee Kiambi, na familia imenituma niwasomee habari za dada yangu, marehemu Ntinyari Kiambi, aliyezaliwa Chuka tarehe 3 Februari 1968, mtoto wa pili wa mzee Kiambi na mama Nkatha.

Ntinyari alisoma shule ya msingi huko Chuka kuanzia 1975 hadi 1981, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1985, na mwaka uliofuata akaenda Sagana kwa fundi wa vitanda, akawa anachonga maua kwenye mbao za kichwani, akiambiwa kila wiki kwamba hiyo si kazi ya msichana, na kila wiki akirudi. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Mugo, seremala wa hapa Nyeri, na Mungu akawajalia Ndungu na Shiro.

Sasa, aya inayofuata haimo katika kijitabu mlichoshika, kwa sababu kamati ya kanisa ilitaka itolewe, nasi tukanyamaza ili ibada ifanyike, lakini nimeshasimama na nitaisoma.

Mwaka wa 2017 kamati ilimwagiza achonge sanamu ya Mama Maria ya kuwekwa mlangoni, na Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili, tukiwa katika Njia ya Msalaba kilimani, upepo ulishuka kutoka Mlima Kenya ukatutawanya, wanakamati wakiwa wa kwanza kukimbilia veranda ya shule, akabaki bibi Wakiuru, mfagiaji wa kanisa, peke yake, msalaba begani, leso ikipepea, nguo imemganda miguuni, akaenda hivyo hivyo hadi kituo cha mwisho. Ntinyari alilia, akasema amemwona Roho Mtakatifu akipita, akafunga siku tatu, kisha kwa miezi saba akamchonga Wakiuru kama alivyomwona, kwa gogo la mutamaiyu, mti mgumu wa kuvunja patasi. Kamati iliikataa sanamu hiyo, ikasema Mama wa Mungu hawezi kuwa na sura ya mfagiaji, ikamtaka ainyooshe nguo kwa randa, naye akawajibu, "Upepo ndiyo ilinionyesha hiyo kitu. Siwezi kuitoa." Akaipakia kwenye mkokoteni, akaisukuma mwenyewe hadi nyumbani, na hakuwahi kuomba msamaha, wala mimi sitamwombea leo.

Saratani ya mapafu ilimpata Juni 2023, akaendelea kuchonga akiwa ameketi, hadi Jumatatu tarehe 10 Machi 2025, saa nne asubuhi, alipotutoka, na imetuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mama Mishi na majirani wa upande wa msikiti waliofika kabla ya wote wakiwa na sufuria zao, na mafundi wenzake wa Nyeri, Sagana na Kagio waliofunga karakana ili waje. Sanamu imeshasimikwa kando ya kaburi, kama alivyoagiza, na asiyetaka kuiona ana ruhusa ya kutazama chini.

Bibi Wakiuru yuko nasi, ameketi kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu hakuna aliyempa cha mbele. Bibi, tafadhali simama, watu wakuone.

Ntinyari, dada yangu, pumzika kwa amani, Wakiuru amesimama.