Milio Kumi na Tisa

Sogezeni viti, wanangu, mkae ninapoziona nyuso zenu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata dirishani. Wewe mwalimu, mwanangu wa kwanza, kaa kulia. Wewe kanali, kaa kushoto, na hizo nyota za mabegani usinitishe nazo, mimi ndiye niliyekufuta kamasi. Daktari amenipa siku chache, na alivyozitaja kwa upole najua hata hizo kaziongeza. Msinikatize. Mtalia baadaye, muda mtakuwa nao.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ni yenu wawili, isiuzwe. Najua tangu tumzike mama yenu hamsemeshani kwa sababu ya chumba chake, nani abaki na kabati, nani achukue cherehani. Mnadhani sioni? Mnaniletea dawa kwa zamu ili msikutane mlangoni. Nitalirudia hilo, kwa sababu ugonjwa huo mmeurithi kwangu, na kwangu uliua watu saba.

Mnanijua, mimi nikikasirika sisemi. Wenzangu walifoka na kupiga meza, mimi nilinyamaza, na kimya changu kilimuuma mtu kuliko kiboko. Mama yenu nilimnyamazia mwezi mzima kwa neno moja alilolisema mbele ya wageni. Wewe mwalimu ulipokataa jeshi nilikunyamazia miaka mitatu. Ukija, ukiniamkia, nafungua gazeti. Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kukuambia hivyo nywele zako zikiwa bado nyeusi.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu.

Mnajua sisi na wale wa ng'ambo ya mto tulikaribia kupigana. Majeshi mawili yalikaa yakitazamana miaka miwili kwa ajili ya kisiwa cha mchanga ambacho mvua kubwa ikija kinamezwa chote. Wakubwa wa majeshi wakakutana siku saba katika ukumbi wenye feni mbovu, wakabishana hata nani akae upande wa dirisha, wakaafikiana jambo moja tu: simu. Simu nyeusi isiyo na tarakimu, ukiinua mkono wake inalia mezani kwa kamanda wa upande wa pili, basi. Kamanda wa upande huu nilikuwa mimi. Yule wa upande ule nilimwita Jirani, naye akaniita Jirani.

Kanuni tuliitunga wenyewe, haikuandikwa popote. Kila siku saa nne kamili asubuhi, leo napiga mimi, kesho anapiga yeye, hata kama hakuna la kusema, na msaidizi asiguse. Miezi ya mwanzo ilikuwa "Hakuna jipya, Jirani," "Hata huku, Jirani," tunakata. Siku moja akakohoa, nikamuuliza kifua kina nini. Baada ya hapo akawa ananiuliza habari za jino langu. Nikajua binti yake kafeli hesabu, naye akajua mwanangu hataki jeshi, akanicheka, akasema, "Muache, Jirani, walimu wanahitajika kuliko sisi." Asubuhi nyingine akaniambia, "Kesho utasikia milipuko, tunapasua mawe ya barabara, usikurupuke." Kesho yake ikasikika kweli, vijana wangu wameshaelekeza mizinga, makao makuu wanataka amri, nami nikasema ni mawe. Sikuwa na ushahidi ila neno lake, nikasema ni mawe, na yalikuwa mawe. Imani ilijengwa hivyo, wanangu. Mikataba ile yenye mihuri ilikuja nyuma ya kikohozi na jino na mawe.

Nipeni maji kidogo.

Mwaka wa tatu wa simu hiyo tukakutana tena ukumbini, na wenzake Jirani wakatandaza ramani ambayo kile kisiwa kimepakwa rangi yao. Jirani hakuichora, alikuwa ameinamisha macho. Lakini mkubwa wangu akanicheka mbele ya maofisa wote: "Rafiki yako wa simu amekuuza." Nikafedheheka, nikanuna. Kesho yake ilikuwa zamu ya Jirani kupiga.

Saa nne kamili simu ikalia. Nilikuwa nimekaa mbele yake na kikombe cha chai mkononi. Sajini wangu wa mawasiliano akanitazama, nikamwambia, "Iache. Naye aonje." Ikalia mara kumi na tisa. Nilihesabu, tena kwa raha. Ikanyamaza, nikamaliza chai yangu.

Saa nne na nusu kituo cha mtoni kikaita kwa redio: askari wa ng'ambo wako kwenye ukingo wetu, ni saba, tufanye nini? Bado nilikuwa nimenuna. Nikasema, "Fanyeni kazi yenu." Sikuuliza hata swali moja.

Mto ulikuwa umefurika, wanangu. Boti yao ilizimika injini, maji yakaisukuma mpaka kwetu, nao wakamwambia kamanda wao kwa redio. Jirani alikuwa ananipigia kwa hilo. Saa nane mchana nilikwenda mwenyewe. Walikuwa wamevua magwanda wakayaanika juu ya mawe. Magwanda saba, yameshakauka, yametandazwa vizuri, mikono imenyooshwa. Wenyewe wako kando na nguo za ndani. Bunduki zao zilikuwa zingali zimefungwa kwenye turubai.

Ndiyo maana katika nyumba hii simu hazikuruhusiwa kulia, na ninyi mlidhani baba ni mkali tu. Ndiyo maana mama yenu hakuanika nguo ya kijani mbele ya dirisha langu. Nilimkataza, hakuniuliza sababu, Mungu amrehemu. Miaka thelathini na moja naishi na wale vijana. Wapo pale, kanali, nyuma yako. Usigeuke. Hawanifanyi kitu. Wanangoja nguo zikauke.

Ikaundwa tume ya maofisa wa pande zote mbili. Wakaniuliza, simu ililia? Nikasema haikulia. Wakamgeukia Jirani. Alinitazama, wanangu. Alijua, alikuwa amehesabu ile milio kwa upande wake. Nyuma yake majenerali wa kwao walikuwa wanangoja neno moja tu wavuke mto. Akasema, "Sikupiga. Nilisahau."

Akavuliwa cheo mbele yangu. Mama za wale saba walimtemea mate langoni kwake. Mimi nikapewa nishani ya amani, ile pale kabatini. Vita havikutokea, mazungumzo yakaendelea, na mpaka leo maofisa wetu na wao wanakaa meza moja kila mwaka, na vijana wanafundishwa kwamba yule alisahau. Hatujasemeshana tena, yeye na mimi.

Sasa, kanali. Wiki ijayo unaongoza ujumbe wetu kwenye kikao hicho. Chini ya kitanda hiki kuna sanduku la bati, na ndani yake daftari la simu. Sajini aliandika kwa mkono wake: saa nne kamili, imelia mara kumi na tisa, haikupokelewa. Nilimwamuru auchane ukurasa ule, akaniwekea daftari zima mezani, akaomba uhamisho. Sikuwa na ujasiri wa kuuchana wala wa kuuonyesha. Ulipeleke wewe, uliweke mbele ya pande zote mbili.

Usitikise kichwa, sema.

Eeh, mazungumzo yatavunjika. Huenda. Na cheo chako kitaguswa, na ile barabara waliyoahidi kuipa jina langu hawataipa tena. Nimeyawaza yote, mwanangu, na kukuomba hivi naona aibu. Lakini wale wanaaminiana juu ya uongo wangu, na wakija kuugundua wenyewe, nani ataamini simu tena? Wakiusikia kwako, kwa hiari yako, watafoka. Waache wafoke. Mtu anayefoka bado anaongea na wewe. Uogope atakaponyamaza.

Mizinga isipigwe kwenye mazishi yangu. Nizikeni na shati la kawaida. Cherehani ya mama yenu ibaki chumbani mwake, kila mmoja awe na ufunguo. Na kila siku saa nne mpigiane, leo huyu, kesho yule, hata kama hakuna jipya. Shikaneni mikono nione. Hivyo. Mungu awape moyo wa kusema mapema, awafungulie vinywa mnapokasirika, awalinde ninyi na wajukuu zangu... ngojeni, pumzi.

Namba ya Jirani, hii hapa, nilipewa na binti yake. Yule aliyefeli hesabu, siku hizi anaifundisha chuo kikuu. Anasema baba yake hasikii vizuri, lakini kila siku saa nne hukaa karibu na simu, na hasemi kwa nini. Saa ngapi sasa? Piga, mwalimu. Niwekee sikioni. Zamu ni yangu, tangu siku ile ni yangu.

Inalia.

Kapokea. Mlio wa kwanza tu, wanangu, kapokea.

Jirani... ni mimi. Usikate. Leo lipo jipya, Jirani. Siku ile... siku ile nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nakunywa chai.