Kokugonza Asiamshwe

Sikilizeni, wanangu, na mketi karibu, kwa sababu sauti yangu haitoshi na hasira ninayo nyingi. Najua mmekuja kusikia habari za kibanja hiki cha Izigo. Kibanja kitasubiri, wazee wa ukoo wanaujua mpaka wake, mgomba kwa mgomba. Leo nagawa kazi.

Miezi saba sasa, tangu daktari Mzungu kule Bukoba aseme uvimbe huu wa tumboni ni kansa na kunirudisha nyumbani, dada yenu Kokugonza ameacha mume na watoto Rubafu, ananigeuza, ananisafisha, anafua matambara yangu mtoni, na bado wageni wanaokuja kuniona awapikie ndizi na kuwatolea kahawa ya kutafuna. Pole wananipa mimi. Yeye hajapewa na mtu! Juzi nilimsikia akilia jikoni, mdomo ameuziba kwa kanga ili nisisikie, nikajifanya nimelala, maana ningemwambia nini? Niliona aibu, nasema wazi.

Wewe Karugendo, karani wa Bwana Shauri kule bomani, unakuja Jumapili na baiskeli yako, unasimama mlangoni na leso puani, unauliza, "Tata, umekula?" halafu huyo unaondoka. Wewe Philbert uliniletea sukari, ukasema kuuguza ni kazi ya wanawake. Sukari hiyo ilinigeuza ubavu? Niliwasomesha nyinyi wawili, na yeye nikamwachisha shule darasa la pili akapalilie kahawa iliyowasomesha. Kosa hilo ni langu, na linaniuma kuliko uvimbe.

Basi, Philbert, matambara ni yako kuanzia leo. Karugendo, utalala hapa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, karibu na kitanda changu. Na mgeni yeyote asipewe kahawa kabla hajateka maji.

Sasa, Karugendo, nigeuze. Siyo hivyo... mkono chini ya kiuno, polepole... Usimwite! Dada yenu amelala pale pembeni, mara ya kwanza tangu juzi. Nikifa kabla hajaamka, msipige yowe. Majirani watasema; waacheni waseme. Kaeni kimya mpaka aamke mwenyewe, halafu mwambieni... mwambieni tata amesema asante. Na nyinyi... Mungu awape mikono kama ya dada yenu.

Funga dirisha hilo, Philbert. Jua linamfika usoni.