Muriel Tredwell, Msoma Maji wa Cranlode

Ndugu, majirani na nyote mliofika katika mvua hii, familia za Tredwell na Hobley zinawasomea kwa kifupi maisha ya mpendwa wetu Muriel Edith Tredwell.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1930 hapa hapa Cranlode, nyumba ya pili ya Mtaa wa Kivukoni, akiwa mtoto wa pekee wa Walter Hobley, fundi mawe, na mkewe Ada. Alisoma katika shule iliyo nyuma ya kanisa hili tangu 1935 hadi 1944, na kila asubuhi alizipita alama za mafuriko zilizochongwa kwenye ukuta wa njia ya kupandia kanisani, akisimama chini ya ile ya juu kabisa na kuona bado inamzidi kimo.

Alipomaliza shule aliajiriwa jikoni hapo hapo, akapika hadi alipostaafu mwaka 1990. Baba yake alipofariki mwaka 1951, alirithi pia kazi yake ya kusoma ubao wa kupimia maji uliopigiliwa kwenye nguzo ya kati ya daraja, kazi aliyoifanya kila siku kwa miaka hamsini na mmoja, na pamoja na kazi hiyo akarithi hofu. Alifunga ndoa na Cyril Tredwell, seremala, tarehe 19 Aprili 1952, wakajaliwa watoto wawili, Geoffrey na Rosalind, ambao wanakumbuka kwamba kuanzia Novemba hadi Machi viatu vyao viliwekwa juu ya kabati la ghorofani, hata mto ukiwa umetulia kama maji ya beseni.

Jumamosi ya tarehe 10 Februari 1968, baada ya siku nne za mvua, mto ulianza kushuka ghafla, na watu wa Kivukoni wakarudi kwenye nyumba zao kufagia tope, wakitaniana kwa furaha. Marehemu alisimama darajani, ubao ukionyesha kwamba maji yamepungua karibu urefu wa mkono kwa nusu saa, na mvua haijapungua hata kidogo. Alijua maji hayo hayajaenda popote, yamezuiwa mahali huko juu, na mahali penyewe hapangeweza kuwa pengine ila kwenye kinu cha zamani cha kusagia nafaka kwa nguvu za maji, ng’ambo ya mto, ambako magogo hunasa.

“Cyril, vuka ukaangalie kinu,” alimwambia mumewe. “Usikae huko. Ona, urudi.”

Mumewe akavuka daraja mbio, naye akaingia mtaani akigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Clement Jeggo, mwenye baa, alitoka na ufagio mkononi.

“Muriel, mama wee, mto ukipanda wewe unalia, ukishuka wewe unalia! Sasa tukuletee mto wa namna gani?”

“Niletee huohuo, Clement, ila nikuone umesimama kanisani kwanza.”

Watu wakacheka. Akapanda hadi hapa, akaishika kamba ya kengele, na Kasisi Sturt akamwekea mkono begani.

“Bibi Tredwell, kengele hii si ya kuchezea. Ukikosea, hakuna atakayekusikiliza tena.”

“Nikikosea, nitawapikia wote chakula cha jioni,” alisema, akaivuta.

Aliivuta hadi viganja vikachubuka, na kila pigo likimkumbusha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemtuma Cyril kule. Watu wakapanda wakinung’unika, wa mwisho akiwa Clement, amekumbatia saa ya ukutani, na hata mlango haujafungwa nyuma yake, kinu kilichosimama miaka mia mbili kikabomoka na kuyaachia maji yote yaliyozuiwa na magogo. Maji yalibeba matao mawili ya daraja na nyumba saba kati ya kumi na moja za Kivukoni. Hakufa mtu mtaani humo, lakini marehemu alisimama mnarani saa tatu nzima akitazama ng’ambo.

Kisha mtu mmoja mwenye matope hadi kifuani akatokea ukingo wa pili.

“Muriel! Watoto wako wapi?”

“Wako hapa! Umeumia?”

“Nimepoteza kiatu tu!”

“Nitakupiga na hicho kilichobaki, Cyril Tredwell! Nilikwambia urudi!”

Akakaa chini, akalia. Walitazamana hivyo kwa siku tatu, hadi mashua ya jeshi ilipofika. Alama ya mwaka ule aliichonga yeye mwenyewe kwa patasi ya baba yake, na Clement, ambaye hakuwahi kumwomba radhi kwa maneno, ndiye aliyemshikia ngazi.

Bwana Cyril alitangulia mwaka 1999. Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwaka 2013, akalazwa mara tatu, na wauguzi walimzoea akiuliza habari za mvua kabla ya kuuliza habari za dawa. Aliaga dunia tarehe 14 Januari 2016, hospitali ya mjini, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kivukoni waliompelekea supu, na wapishi wenzake wa shuleni. Tunaomba radhi kwa kufupisha, kwa maana tumearifiwa sasa hivi kwamba maji yamefika ukingo wa barabara ya chini. Wabeba jeneza wasogee, na wengine wote, tafadhali, tutokeni kwa mlango wa juu, watoto mbele, bila kurudi kufuata magari. Yeye mwenyewe asingekubali tuendelee kukaa.

Mama, pumzika sasa kwa utulivu.