Msusi Aliyeacha Vichwa Nusu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae nami. Aliye jikoni na apunguze moto kidogo. Aliyeshika kazi ya mikono asiiache, aendelee nayo huku anasikiliza, maana mtu tunayemkumbuka leo hakupenda kazi iachwe njiani.

Tunamkumbuka msusi. Msusi wa nywele wa mtaa wa chini, ule mtaa ulio kati ya soko na ufuko wa bahari. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Chanuo, kwa sababu chanuo lake halikukaa mezani wala mfukoni. Lilikaa kichwani mwake, limechomekwa juu ya sikio la kushoto kama kalamu ya seremala. Hata sokoni alikwenda nalo. Binti yake ananiambia kwamba hata picha yake ya kitambulisho ilibidi ipigwe mara ya pili, kwa sababu ya chanuo.

Mama Chanuo ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Amezikwa. Leo tunamsimulia.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bluu. Ndani kulikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mto wa kitambaa cha maua, benchi refu la wanaosubiri, kioo kilichopasuka kona, na ndoo nyeupe yenye mfuniko. Ndani ya ndoo hiyo ndimo alimoweka rasta, nyuzi, mafuta na vitana vyake, vumbi lisiingie. Mimi mwenyewe nimekaa kwenye kiti kile. Ukikaa, alikushika kichwa kwa viganja viwili, akakigeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akasema, "Haya, tuone kuna nini humu." Ndipo unaanza kucheka, na ukishaanza kucheka, maumivu ya kuvutwa nywele huyasikii.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana habari yote ya leo imeshikwa na jambo hili moja. Mama Chanuo hakuacha kichwa nusu. Kichwa akikianza, alikimaliza. Umeme ukikatika, alimaliza. Mgeni akija, mgeni alisubiri. Siku aliyoshikwa na uchungu wa kujifungua, alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mke wa muuza mkaa. Wanawake wakamwambia, dada, nenda hospitali. Akasema, "Bado mistari michache." Akasuka, akinyamaza uchungu ukija, akiongea ukiondoka, mpaka akamaliza. Ndipo akaenda. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo ndiye binti yake ninayemnukuu leo. Binti anasema, "Mama alikuwa akinitania kwamba mimi nilisubiri zamu yangu kama wateja wengine."

Basi, ukaja mwaka wa kile kimbunga kikubwa.

Mnakumbuka, wasikilizaji wapendwa, kwamba kabla yake tulishatangaziwa vimbunga viwili ambavyo havikufika. Mara zote mbili watu wa mtaa wa chini walihama. Mara zote mbili kilinyesha kimvua cha kulowesha nguo kwenye kamba, basi. Waliporudi, milango mingine ilikuwa imevunjwa na kuku hawakuonekana tena. Kwa hiyo tulipotangaza cha tatu, watu walicheka. Walikiita kimbunga cha redio. Walitucheka hata sisi humu studioni.

Halafu kulikuwa na harusi. Binti wa muuza nyama alikuwa anaolewa kesho yake. Chakula kimenunuliwa, viti vimeazimwa, wageni wamefika. Nani ataondoka mtaani siku kama hiyo? Asubuhi hiyo benchi la saluni lilijaa mpaka wengine wakakaa kizingitini. Kila mwanamke wa mtaa alitaka kichwa cha harusi.

Kwenye kiti alikaa bibi harusi mwenyewe. Mama yake amesimama nyuma, anatoa maagizo. Mama Chanuo amefika katikati ya utosi. Upande wa kulia umekwisha, mistari myembamba kama imechorwa na rula. Upande wa kushoto nywele zimesimama zote. Hapo likapita gari la matangazo. Kipaza sauti kikasema watu wote wa chini waondoke leo, wapande kwenye shule iliyo juu ya kilima.

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mwambieni kimbunga asubiri, tunasuka."

Mama Chanuo hakucheka. Alitoka mlangoni, akatazama upande wa baharini. Akarudi. Akachomeka chanuo lake juu ya sikio, akafuta mikono, akamwambia bibi harusi, "Inuka, mwanangu. Aje mwingine."

"Mbona hujamaliza?"

"Kwa hapa nimemaliza. Nusu ya pili nasukia kule juu, shuleni."

Wanawake wa benchini wakageuka. Mama wa bibi harusi akafikiri ni mzaha. Yule mama yupo hai mpaka leo, na amenisimulia mwenyewe, mkono kiunoni kana kwamba ni jana. "Nikamwuliza, Mama Chanuo, mwanangu ataolewa na kichwa nusu? Akaniambia, 'Ataolewa na kichwa kizima, shoga yangu. Ila nusu yake nyingine iko kilimani.' Nikasema nitatafuta msusi mwingine. Akasema, 'Tafuta.' Nikamtazama mwanangu kichwani. Ile mistari, nani mwingine angethubutu kuiendeleza?"

Lakini haikuwa nusu ya nywele peke yake, wasikilizaji. Yule mama anasema wazi kilichomshtua. "Nilimjua yule mwanamke. Angezaa akiwa amesimama kuliko kuacha kichwa nusu. Nilipoona ameacha, nikajua huyu ameona kitu."

Ikawa hivyo. Aliyekaa, alisukwa upande mmoja. Akainuliwa, akaja mwingine, naye upande mmoja. Wengine walinuna, wengine walicheka mpaka machozi wakitazamana kwenye kioo. Kisha Mama Chanuo akakusanya rasta zote, akazitia ndani ya ndoo, akabana mfuniko, akasema, "Ndoo inaondoka na lori la mchanga. Mwenye kuitaka nusu yake aifuate."

Wakaifuata. Mwanamke akienda, watoto huenda. Watoto wakienda, na sufuria huenda. Wanaume waliorudi kutoka kazini walikuta nyumba kimya. Muuza nyama akasimama barabarani na aproni yake, akauliza, "Jamani, mke wangu yuko wapi?" Jirani akamjibu, "Ameifuata nusu yake." Basi na yeye akapakia nyama yake, akapanda.

Mtaa ukabaki mtupu. Isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa mama mkwe wa Mama Chanuo. Mjane, mzee, na kichwa chake kilikuwa na mvi chache zilizofichwa chini ya kitambaa. Huyo huwezi kumshika kwa nusu ya nywele. Nyumba yake aliijenga marehemu mumewe kwa mikono yake, tofali baada ya tofali. Mwanawe, mume wa Mama Chanuo, alikuwa amemsihi tangu asubuhi. Bibi alimfungia mlango. Alisema kupitia dirishani, "Nyumba hii nilihamia nikiwa na kiuno. Nitatoka nikiwa nimebebwa."

Upepo ulishaanza kucheza na mabati. Mama Chanuo akashuka kutoka kwenye lori na ndoo yake mkononi. Mumewe akamwambia usishuke. Akashuka. Akaingia kwa mkwewe, akaweka ndoo sakafuni, akavua viatu, akaketi mkekani.

"Umefuata nini?" bibi akauliza.

"Nimekuja kukaa, mama."

"Kukaa wapi? Lori si linaondoka?"

"Liende. Wewe hutoki, na mimi sitoki."

Bibi akamtazama. "Usinichezee, mke wa mwanangu. Wale uliowasuka upande mmoja?"

"Watakaa hivyo hivyo."

"Na bibi harusi?"

"Na yeye. Ndoo hii hapa, mama. Mikono hii hapa."

Bati moja likapiga kelele juu yao. Bibi akasugua magoti. Halafu akasema kwa hasira, "Wewe mwanamke una hila! Unataka waseme binti wa watu kaolewa kichwa nusu kwa sababu ya kikongwe mmoja?"

"Watasema, mama."

"Watanisema mpaka kaburini!"

"Mpaka kaburini, mama."

"Niletee viatu vyangu."

Akaletewa viatu. Akaomba na nyundo ya marehemu, iliyokuwa nyuma ya mlango. Akatoka nayo mkononi, kitambaa kimefungwa vizuri, akapandishwa kwenye lori akiwagombeza wote waliomshika.

Binti anasema alimwuliza mama yake miaka mingi baadaye. "Nilimwambia, mama, kweli ungekaa? Usingenyanyuka ukamwacha bibi? Akanijibu, 'Ningekaa. Ndiyo maana moyoni nilikuwa namwomba Mungu yule mzee apende sifa.'"

Kimbunga kilikuja. Safari hii kilikuja kweli. Kule shuleni watu walibanana madarasani, madawati yamesukumwa dhidi ya milango, upepo unalia kama ng'ombe waliopotelewa na ndama. Na katikati ya darasa moja, kwenye kiti cha mwalimu, Mama Chanuo alikuwa anasuka. Anamaliza nusu zake. Watoto waliolia walipewa kazi ya kunyoosha rasta. Bibi alikaa karibu, nyundo yake mapajani, anakagua kila kichwa kinachoinuka. "Hiki sawa," anasema. "Kile mstari wa nyuma umeenda kombo." Haukuwa umeenda kombo. Alitaka tu kuonekana yupo.

Waliposhuka, saluni haikuwepo. Maji yalikuwa yamepita juu ya madirisha. Mlango wa bluu ulikutwa sokoni. Kiti kilining'inia kwenye uzio. Nyumba ya bibi ilibaki ukuta mmoja. Lakini walipohesabiana, wasikilizaji wapendwa, hakukosekana mtu. Narudia, hakukosekana mtu hata mmoja wa mtaa wa chini. Harusi ilifanyika uwanjani pale shuleni, na bibi harusi alikuwa na kichwa kizima. Msumari wa kwanza wa nyumba mpya ya yule mzee ulipigwa kwa nyundo ile ile. Bibi aliupiga mwenyewe, ukapinda, akasema ndivyo marehemu alivyokuwa akiipiga.

Mama Chanuo alifungua tena saluni. Mlango ule ule, kiti kile kile. Akasuka mpaka juzi juzi hapa.

Siku alipozidiwa, kitini alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha. Akasema anapumzika kidogo. Hakurudi kwenye kile kiti. Mtoto yule alikaa na kichwa nusu siku zote za hospitali na siku zote za msiba. Wasusi walijitolea, akakataa. Mashangazi walimbembeleza, akakataa. "Bibi hajamaliza," alisema.

Asubuhi ya mazishi, binti alichukua chanuo la mama yake, akalichomeka juu ya sikio lake la kushoto. Akamketisha mwanawe kwenye kiti cha mbao. Akamshika kichwa kwa viganja viwili, akakigeuza huku na huku. Akasema, "Haya, tuone kuna nini humu." Mtoto akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Akasukwa upande wa kushoto mpaka mwisho.

Nilimwona mtoto huyo makaburini. Ukitazama kwa makini, utaona mistari ya kulia ni myembamba zaidi. Binti analijua hilo. Anasema, "Yangu bado minene. Nitajifunza."

Kwa mume wa Mama Chanuo, fundi wa baiskeli, kwa binti, kwa mjukuu na kwa ukoo wote, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu amlaze pema.

Na kwako unayenisikiliza ukiwa huko chini karibu na maji, msimu wa upepo unakaribia tena. Huenda tutakutangazia kimbunga, na huenda kisije. Ucheke, si vibaya, tumeshazoea. Lakini ukishacheka, tazama nani kwenye mtaa wako hataondoka peke yake. Mzee gani, nyumba ipi, mlango gani umefungwa kwa ndani. Kisha uvue viatu, ukae naye mkekani, mpaka aombe vya kwake.