Mbuzi Aliyerudishwa Mnadani

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu, yeye aliyenifikisha uzeeni nikiwa bado na kinywa cha kumshukuru. Nawaandikia habari ya mbuzi mmoja, na ya mtoto wangu Yusta.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Nilikuwa nimehamia Nyaishozi, kibarua wa kuchuma buni katika vibanja vya watu. Mke wangu alifariki siku alipomzaa Yusta. Dada yangu Dorosela akaja kumlea, akiomba maziwa kwa majirani. Kisha ugonjwa wa ndigana ukaingia, ng'ombe wa majirani wakafa, na maziwa yakakoma. Tulimpa mtoto uji mwepesi, akautapika. Shingo yake ikawa nyembamba kama bua. Ndugu zangu, nilianza kuogopa kumtazama.

Ndipo tukasikia kwamba kwenye mnada wa mavuno kanisani kutakuwa na mbuzi aliyezaa karibuni, kiwele kimejaa. Nilikuwa na ujira wangu wa buni. Dorosela akanifundisha namna ya kumpata.

"Kaka, usitaje bei mapema. Wakikuona una shida naye, watampandisha. Ngoja dalali aseme mara ya pili, ndipo utaje."

Siku hiyo tulikwenda kanisani sote watatu. Baada ya ibada ikauzwa mikungu ya ndizi, kuku na maharage. Mbuzi akaletwa mwisho. Watu wakataja bei, nami nikanyamaza. Dalali akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili. Nikainua mkono nikataja fedha yangu yote.

Sikujua kwamba mchinjaji mmoja wa pale kijijini naye alikuwa akingojea nafasi ile ile. Akanipita kwa bei, akiwa ameegemea mlango. "Huyo kesho yuko kwenye ndoano," akasema, na watu wakacheka.

Kabla ya mara ya tatu akasikika Felisiani, mfanyabiashara wa Kayanga, ambaye hakuwa ametamka neno. Akampita mchinjaji. Mchinjaji akaongeza, Felisiani akaongeza tena.

"Bwana Felisiani, unanunua mbuzi au unanunua kanisa?" mchinjaji akauliza, akaacha. Mara ya tatu ikapigwa, mbuzi akawa wa Felisiani.

Nilitoka nje. Nyuma yangu nikamsikia Felisiani akisema, "Namrudisha." Nikajua fedha zimempungukia, na sasa mbuzi anakwenda kwa mchinjaji. Sikutaka kuliona hilo. Nikashika njia ya nyumbani.

Dorosela akanikimbilia, mtoto mgongoni. "Kaka, rudi! Amemrudisha!"

"Nimesikia. Hana fedha."

"Ameshalipa! Wewe ni mgeni wa kanisa hili. Huku kurudisha ni kulipa na kumwacha anadiwe tena kwa Bwana. Na anayerudisha ndiye anayesema nani ataje bei."

Tukaingia. Felisiani alikuwa bado amesimama. "Namrudisha kwa mwenye mtoto asiye na wa kumnyonyesha," alisema. "Wengine wote tunyamaze, nami nikiwamo."

Safari hii nilikuwa wa kwanza kutaja bei, bila ujanja wowote. Dalali akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili, akatua. Ndugu zangu, pale ndipo nilipokuwa nimenyang'anywa, na pale nikangoja kunyang'anywa tena. Kanisa zima likawa kimya. Mchinjaji alitazama viatu vyake. Aliyesikika ni Yusta peke yake, akilia.

Mara ya tatu.

Nilipomfuata Felisiani kumshukuru, aliniambia, "Mtoto wako amelia ibada nzima, baba. Mahubiri yenyewe sikuyasikia, nikauliza walio karibu kwa nini hanyonyeshwi. Nenda ukamkamue huyo mbuzi."

Jioni ile Yusta alikunywa, akalala bila kulia. Leo ni mama wa watoto wake huko Isingiro.

Mimi nilikuwa nimeweka tumaini langu katika kutaja bei mwisho, na mwisho huo haukunisaidia. Mungu alikuwa amekwisha kumsikilizisha mtu mwingine kilio nilichodhani kinanisumbua mimi tu. Kama nawe umetoka nje ukiamini kwamba yamekwisha, nakusihi, rudi ndani. Mtumaini yeye.

Bwana akusikie unapolia, msomaji wangu, na nyumba yako isikose maziwa. Amina.