Mjeledi Niliouhamisha

Mheshimiwa Diwani Mama Jannat; Afande Ogwal na maafande wote mliotoka kambini; ndugu wageni waalikwa; nanyi mlioletwa na harufu ya pilau, karibuni, ninyi pia ni wageni wangu.

Leo naweka maikrofoni chini. Miaka ishirini na miwili, hapa Makindye, nimekaa kando ya skrini nikiwafasiria filamu za kila lugha duniani. Je, lugha hizo nilizijua? Wallahi, hata moja! Nilikuwa natazama midomo, nabuni, nanyi mnapiga makofi. Mwongo gani mwingine Kampala hii amewahi kuagwa kwa pilau?

Lakini uongo mmoja haunichekeshi. Mnaikumbuka ile filamu ya mateso ya Yesu, Pasaka ya mwaka juzi? Mimi, mtoto wa maalim, nikajitia kuijua kuliko mapadri. Ikafika pale pa kuchapwa. Wanaochapa ni askari wa Kirumi, hata mtoto mdogo anaona. Nikatupa jicho benchi la mbele: maafande watupu! Banange, nani angethubutu kusema ni askari? Nikapaza sauti: "Wayahudi hao! Waoneni wauaji!" Niliwachagua Wayahudi kwa kuwa nilidhani ukumbini hamna hata mmoja. Shujaa mimi!

Kumbe yumo. Guerschom, fundi wetu wa jenereta, Myahudi wa kwao Mbale, ambako wenzetu wa dini hiyo wapo tangu enzi za mababu, ndiye aliyekuwa ananiwashia umeme nimtukane vizuri. Jumatano yake watoto wakampiga binti yake jiwe la paji la uso, wakimwita muuaji, kwa maneno yangu, kwa sauti yangu. Nilipowasikia mtaani, kabla sijajua wanamkimbiza nani, nilifurahi: watoto wananiiga! Naona aibu, jamani. Naona aibu mpaka leo.

Nikanunua soda, nikaenda kwake kuomba radhi. Akaniambia, "Mzee Shafiq, tusi ulilitoa kwa maikrofoni. Samahani mbona unaileta chumbani?" Soda hakuigusa.

Basi Guerschom, ndugu yangu uliyekaa pale nyuma na binti yako, maikrofoni ndiyo hii. Afande Ogwal, uniwie radhi: waliomchapa walikuwa askari. Yesu mwenyewe alikuwa Myahudi, na mama yake aliyemlilia alikuwa Myahudi. Haya yote niliyajua siku ile ile, niliogopa tu. Nisamehe, binti yangu.

Asanteni kwa kunisikiliza miaka yote hii. Laiti Pasaka ile msingenisikiliza.