Nani Atamsemea Falone Kesho

Kirolirwe asubuhi ng'ombe ndio hutangulia, kahawa hufuata. Mifugo ikishapanda malishoni, Falone hutua termosi yake mbele ya ligablo la Mbusa, kiduka cha mbao chenye chumvi, sabuni na misumari, na benchi la hapo hujaa watu wasio na haraka. Falone hasikii wala hasemi tangu utotoni, lakini wateja wake hawanywi kwingine. Jumapili kanisani lilisomwa tangazo: kuna mradi wa kusaidia akina mama wenye ulemavu wanaofanya biashara. Siku yenyewe ni kesho: kila mmoja aende kwenye ukumbi wa parokia aeleze mwenyewe anataka kusaidiwa nini, na asiyeweza kusema aende na mtu wa kumsemea. Kabera, mchunga ng'ombe ambaye benchi lilimbatiza Interprète, yaani mkalimani, aliinua mkono hata kabla tangazo halijaisha. Sasa alikuwa amekaa na kikombe chake, ng'ombe amewaachia wenzake, na moyo haukuwa umetulia.

— Interprète, kesho utasema nini kule? Mbusa aliuliza kutoka dirishani mwa ligablo.

— Nitasema kile anataka.

— Na anataka nini?

Kabera akanywa kwanza.

— Leo asubui alinichorea apa chini na kijiti. Duara moja mukubwa, na mistari ine. Kisha akanigonga kifua. Mi nikaitika na kichwa.

— Ukaitikia nini?

— Nikaitikia tu.

Mbusa akatoa kichwa chote nje.

— Duara ni gurudumu, kaka. Mama anataka kamioni. Hauonake? Kamioni ikipita, ye anasimama mara moja.

— Anasimama sababu ya vumbi, Papa Mbusa! Anafunika vikombe!

Sebarenzi akakohoa. Huyu ni mzee wa kulima viazi, na methali anazo nyingi kuliko mahali pa kuziweka.

— Apana. Mistari ine ni maguu. Iyo ni ng'ombe. Njo maana wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Sasa iyo inaingia wapi, Papa Sebarenzi? Kabera akauliza.

— Kusikia si iko ndani? Guu si iko ndani? Unataka nini tena?

— Kama si kamioni, basi ni tanki, Mbusa akasema, maana yeye hashindwi mapema. Tanki ya kahawa. Ataijenga kule Itebero, mabomba yapite mu pori yote ya Walikale mupaka apa. Unafungua robinet, kahawa inatoka moto.

— Moto, toka Itebero? Kabera akauliza.

— Mabomba tutayavalisha masweta.

— Na nani atayashona?

— Njo project ingine iyo! Ya mama zetu wa kushona.

Sebarenzi alikuwa anahesabu kitu kwenye vidole.

— Ngojeni. Duara ni pete. Mistari ine ni wazee wane wa kuongea mambo ya mahari. Na kisha alikugonga kifua, Interprète. Mwana wangu, we njo bwana arusi!

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Falone, aliyekuwa anasuuza vikombe, akainua macho, akaona meno ya wote yako nje, naye akacheka. Alicheka sana, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Kabera ndiye pekee aliyeacha kucheka.

— Musimucheke, alisema. Mwaka jana nilikosea. Sitaki kukosea tena.

— Eeh, ule mwaka jana! Ulisema aje kwa wale wa project ingine?

— Unajua, Papa Mbusa.

— Sema, mugeni asikie.

— Nilisema anataka sauti yake isikike.

— Na wakamuletea megafoni! Mbusa alipiga ubao wa dirisha. Megafoni, kwa mutu mwenye hasemake! Leo kuku yake inatagia mule.

Mgeni aliyetajwa alikuwa mwanamke aliyekaa pembeni mwa benchi, na mfuko wa sambaza kavu, dagaa wa ziwani, miguuni. Jina lake Aimée, ametoka Shasha, na pikipiki iliyomleta ilikuwa inazibwa pancha ng'ambo ya barabara. Hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya Falone.

— Kaka, alimwambia Kabera, luga yake unaijua kweli?

— Vizuri kabisa, mama! Angalia.

Kabera akasugua vidole viwili.

— Iyi ni sukari.

Akapindua kiganja.

— Iyi ni kujaza. Nikishika shingo, ni kusema tangawizi imepita kipimo. Nikipuliza vidole, ni moto sana. Miaka yote tunaongea bila shida.

— Vizuri, Aimée akasema. Na «wewe unataka nini?» inasemwaka aje?

Kabera akainua mkono. Ukasimama hewani, ukashuka. Akajaribu vidole viwili, lakini hivyo vilikuwa sukari. Akamgeukia Mbusa. Mbusa akaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

— Wahenga walisema... Sebarenzi akaanza, na kwa mara ya kwanza hapo benchini methali haikuja.

Kabera akaweka kikombe chini, akainuka, akaenda akachuchumaa mbele ya Falone. Akamwelekezea kidole kifuani: wewe. Akainua nyusi. Halafu akapindua kiganja kikawa wazi mbele yake, akangoja.

Falone akakitazama kile kiganja, akamtazama Kabera usoni. Kisha akaushika mkono mwingine wa Kabera, ule wa kidole, akaushusha taratibu, kama mtu anayesema nimeelewa, nakujazia. Akachukua kikombe cha Kabera kilichokuwa chini, akainamisha termosi mpaka tone la mwisho likatoka. Akatia sukari kiasi kile kile anachopenda Kabera, akakoroga, akakiweka kikombe katika kiganja kilichokuwa wazi.